Mume yuko oparesheni Somalia, mimi niko Malindi: namsaidia vipi?

Swali nililoandikiwa: "Shikamoo mama. Niko hapa Malindi, nna watoto wawili, mkubwa miaka sita na mdogo miwili. Mume wangu ni mwanajeshi wa KDF na huu ni mwezi wa nne tangu avuke kwenda Somalia, aliambiwa mwaka mmoja. Hupiga simu akipata nafasi, saa zingine wiki mbili kimya. Akipiga naishia kulia ama tunagombana manake mama mkwe anataka yeye ndo ashike kadi ya benki. Mkubwa ameanza kukojoa kitandani na juzi kaniuliza kama babake amekufa nikashindwa kumjibu. Magrupu ya WhatsApp yakisema kuna shambulizi mimi silali. Nataka kumsaidia lakini sijui mtu wa huku nyumbani anamsaidiaje mtu wa kule."

Marahaba mwanangu, na pole. Mwezi wa nne ni mbaya manake yale makelele ya kuagana yashaisha, majirani washaacha kukuuliza, na kurudi kwake bado hakuonekani. Kabla sijaenda mbali, kwenye ujumbe wako uliandika mji alioko na kambi yake. Nimevifuta, na nakuomba usiviandike tena mahali popote, nitakueleza huko mbele.

Mimi ni mshauri nasaha, nimekaa miaka mingi na wake wa wanajeshi, wa mabaharia, wa wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, wa waliokwenda kutafuta Saudia, lakini hili nnalotaka kukwambia nililiona nyumbani kwetu kabla sijaisomea hii kazi. Marehemu babangu alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1992 Kenya ilipeleka kikosi chini ya Umoja wa Mataifa kule Yugoslavia ilipokuwa inavunjika, na yeye akawemo, akawekwa upande wa Kroatia. Sisi tukabaki hapa Malindi, mimi bado mtoto. Simu ya nyumbani hatuna, ni barua tu, na barua inafika habari zake zishakuwa za kale. Mamangu alikuwa akimpenda babangu sana, so alivoondoka akafanya lile aliloona ndo heshima: kiti cha baba hakikaliwi, redio ya baba haifunguliwi, mama harusini haendi, nyumba haipakwi chokaa mpaka baba arudi. Nyumba ikasimama. Na kwenye barua akawa anaandika sentensi ileile, sote wazima hakuna neno, hata nyanya, mamake baba, alipougua miezi na miezi sisi tunaandika wazima, na alipokufa pia tukaficha, ati mtu ana bunduki mkononi asije akavurugikiwa. Babangu yeye anatuandikia habari za theluji na baridi ya kukata masikio, na kila barua anauliza vitu vidogo vidogo, ule mwembe wa nyuma umezaa? yule mbuzi mweusi vipi? nani ameoa hapo mtaani? Mama hayajibu hayo, anaona ni upuuzi kumwandikia mtu wa vitani habari za mbuzi. Aliporudi akakuta kila kitu kiko vilevile alivokiacha isipokuwa mamake, ambaye ashafunikwa mchanga. Akakaa kwenye kile kiti kama mgeni aliyekuja kupiga hodi. Miaka mingi baadaye, ashastaafu, ndo akaniambia mimi, kule kilichomtesa zaidi si baridi, ni kwamba ilifika mahali akifumba macho haioni nyumba yake tena, manake hapakuwa na mtu wa kumwonesha.

So mwanangu, ukiniuliza mtu wa huku anamsaidiaje wa kule, mimi nakwambia umpelekee nyumba iliyo hai. Iendelee, watoto wakue, chokaa ipakwe, na yeye aione inavokwenda, na ajue ndani yake ana kazi yake. Kumngoja si kuisimamisha.

Sasa tuanze na hiyo simu. Mtu wa kule akipata dakika kumi za netwaki anakuja na njaa, na wewe nawe umekaa wiki mbili umejaa, basi mnagongana hapo mlangoni. Weka daftari jikoni, lile la mraba la watoto linatosha, na kila kitu kidogo kinachotokea kiandike kwa maneno matatu manne: mdogo kasema "gari", mama mkwe kapika mbaazi zikaungua, paa la jikoni linavuja, jirani kauza boti. Akipiga una cha kumpa. Usidharau haya, yeye huko amezungukwa na mchanga, mahema na wanaume wenzake, na mambo aliyonayo mengi haruhusiwi kuyasema na mengine hataki kuyasema, kwa hivo ukimuuliza "habari za huko" atakujibu "poa" na mazungumzo yamekufa. Lakini ukimwambia paa linavuja na fundi anataka kubadilisha bati zote, atauliza ni bati ngapi, atakwambia mwite fundi fulani si huyo, na kwa dakika tano atakuwa amesimama jikoni kwako anaangalia juu. Mpe kazi za kweli kama hizo, za kuamua. Anayeulizwa ushauri anajua bado anahesabiwa.

Na kulia, lia. Sikwambii ujikaze mpaka upasuke. Ila jambo zito mpe kwa mpango: mwambie jambo lenyewe, halafu hapohapo mwambie umefanya nini ama unataka kufanya nini. "Mtoto alikuwa na homa, nimempeleka hospitali, kapimwa malaria akapewa dawa, leo amekula." Hiyo anaweza kulala nayo. Lakini "mtoto ni mgonjwa sijui nifanyeje", halafu netwaki ikakatika, hiyo ni kumwachia mtu moto mkononi na hana maji. Kuficha kabisa usifiche, nishakueleza yaliyotupata sisi. Msiba, ugonjwa mkubwa, mimba, mkopo, ayajue kutoka kwako, na ikiwa ni jambo la kumvunja, unaweza kwanza kuzungumza na kikosi chake. Jeshi lina maimamu na mapadri wao na watu wa ustawi, unawapa habari na wao wanatafuta mtu wa kukaa naye pale anapoambiwa, asiipokee akiwa peke yake.

Kuna wanandoa niliowashauri hapa walikubaliana neno lao, bwana akisema "leo bahari imechafuka", mke anajua leo ameona mabaya na hataki kuulizwa, so anaanza kumsimulia watoto bila kumhoji. Nakuomba mtafute neno lenu. Linaokoa simu nyingi sana.

Na kama bando lipo, usingoje apige. Rekodi voisi fupi fupi umtumie, mdogo anacheka, adhana ya msikiti wa hapo kwenu, mvua kwenye bati, wewe unakuna nazi. Siku netwaki ikirudi zinamwingilia zote kwa pamoja na anazisikiza anavotaka, mara kumi akitaka. Tena saa zenu ni moja, Kenya na Somalia hazina tofauti, na jua linazama kwenu wote kwa kupishana dakika chache tu. Ukisikia adhana ya maghrib hapa jua na kwake wakati ni huohuo. Mwombee dua wakati huo kila siku na umwambie unafanya hivo. Usione ni dogo, mtu aliyeko kwenye handaki akijua kuna saa maalumu mkewe ameinua mikono kwa ajili yake, ile saa inakuwa na uzito wake.

Sasa kile kimya. Simu ikiwa mteja, fikiria netwaki kwanza. Al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara nyingi upande wa mpakani, Mandera, Garissa, mpaka huku kwetu Lamu, na ndani Somalia kuna sehemu mnara hauko kabisa. Tena kuna siku wakubwa wenyewe wanazuia simu, wakiwa na msafara ama wanahama, na hakuna wa kukupigia akwambie kesho hapatikani, kwa sababu hiyo yenyewe ndo siri. Kimya ni sehemu ya kazi, kimekuwako kabla na kitakuwako tena.

Magrupu hayo toka. Naongea kwa uchungu hapa. Nilikuwa nafanya kazi hii wakati kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, kule Somalia, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, na ya Kulbiyow mwaka uliofuata, 27 Januari. Picha zilizunguka kwenye simu za watu kabla familia hazijajua chochote, majina ya uongo yakachanganywa na ya kweli, na mama mmoja nilikaa naye siku tatu akimlilia mtu aliyekuwa hai kwenye kambi nyingine kabisa. Kisha ukimaliza kulia na mtu yuko hai, mwili haujui, unabaki na ule mtetemo. Kaa na mtu mmoja tu wa kumwamini, ikiwezekana mke wa mwanajeshi mwenzake wa kikosi kilekile, na habari zikivuma mpigie huyo. Na hakikisha umeandika mahali salama jina lake kamili, nambari yake ya jeshi, kikosi chake na simu ya kambi walikotoka. Muulize pia ile fomu ya jamaa wa karibu, jina lililoandikwa ni lako ama ni la mamake tangu enzi za kuajiriwa, na nambari ni ile unayotumia sasa? Wengi walijaza wakiwa makapera wakasahau. Jambo likitokea, jeshi linatafuta jina lililo kwenye hiyo fomu.

Na akikupigia mtu usiyemjua ati "bwanako ameumia, tuma pesa ya dawa haraka", kata simu. Mwanajeshi akiumia kazini anatibiwa na jeshi, hakuna daktari anayemuomba mkewe M-Pesa.

Hapa ndo naingia kwenye lile la kufuta. Malindi na Lamu si Nairobi, msitu wa Boni wanakojificha hao Al-Shabaab hauko mbali na sisi, na wewe hukai kwenye nyumba za jeshi, unakaa mtaani. Usiweke stetasi picha yake na magwanda, usiandike "baba watoto anakuja Ijumaa", usitaje mji wala lini wanabadilishana. Mfundishe na mkubwa wako, akiulizwa dukani babako yuko wapi aseme yuko kazini, basi. Ficha bila kuogopa, vile unavoficha dhahabu yako.

Mama mkwe. Hapa nitakwambia jambo huenda usilipende. Huyo mama naye hana usingizi. Wewe unamngoja mume, yeye anamngoja aliyemnyonyesha, na mtu akiwa na hofu isiyo na pa kuishika hushika kile kilicho karibu, na kwenu kilicho karibu ni ile kadi. Kadi usimpe, akaunti ni ya mume na nyumba unaiendesha wewe, lakini mwombe mumeo atamke yeye mwenyewe kwa sauti yake, kwa voisi kama simu haipatikani, kwamba kadi iko kwa mke na mama atapata kiasi fulani kila mwezi tarehe fulani, halafu wewe hiyo tarehe usiipitishe hata siku moja, hata ukiwa umenuna. Na zamu ya simu mpe. Mumeo akipiga, mpelekee mamake hata dakika mbili bila yeye kuomba. Wallahi nimeona ugomvi wa kadi ukiisha kwa dakika mbili za simu, manake kadi haikuwa shida.

Na pesa zenyewe, panga maisha kwa mshahara, sio kwa posho ya misheni. Posho ikija weka kando, manake si ya kutegemewa, mwaka 2016 baada ya Umoja wa Ulaya kupunguza mchango wake wanajeshi wa AMISOM, ile misheni ya Umoja wa Afrika kule Somalia, walikaa miezi bila kupata posho, na kuna familia hapa zilikuwa zishaanza kujenga kwa pesa ambayo haijafika, matofali yakaota nyasi. Ada, kodi, chakula, cha mama mkwe, na akiba kidogo ya dharura. Ukitaka kununua kitu kikubwa ulizaneni nyinyi wawili, hata ikichukua wiki mbili kupata jibu.

Na kumtumia mzigo je? Uliza kikosi kwanza kinapokea vipi, ama mpe mwenzake anayerudi kutoka likizo. Vitu vidogo visivyoyeyuka wala kuvunjika, ubuyu, visheti, achari ya embe iliyokaushwa vizuri kwenye kopo la plastiki, tangawizi na hiliki za chai, soksi. Picha za watoto zilizochapishwa na kufunikwa plastiki pale saiba, manake simu huisha chaji na picha ya karatasi haiishi. Na kikoi. Kifukize udi wa nyumbani kwako, kikunje, kifunge kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Huyo atafungua hilo kopo polepole sana, ananusa na kulifunga tena.

Wewe mwenyewe je? Hukuniuliza, na wengi hawaulizi. Nenda harusini. Nenda vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, kaa na wenzio, cheza chama chako, vaa. Kuna watakaosema mke wa mwanajeshi anatembea, na hawa walikuwepo tangu enzi mabibi zetu wa Lamu waume zao wakitweka na kaskazi na kusi na kukaa miezi baharini. Nyanya zetu hawakujifungia, walisuka mikeka, walilea pamoja, walisomeana dua nyumba hii na ile. Pia kuna chama cha wake wa wanajeshi kinaitwa MWAK, uliza kambini kwao, hata ukiwa mbali utapata mtu wa kuongea lugha moja nawe. Na kama unakaa wiki mbili usingizi hauji, chakula hakishuki, ama unafikiria heri usingekuwepo, hilo usiliite udhaifu wa imani, nenda hospitali uonane na mtu wa afya ya akili, siku hiyohiyo.

Kurudi kwake nitagusa tu kwa sasa, tutazungumza siku zikikaribia inshallah. Jua tu mdogo anaweza kumkimbia babake akalia, na yeye anaweza kushtuka mlango ukipigwa na upepo, akalala chini, akanyamaza katikati ya watu. Mpe wiki, usimfanyie karamu siku ya kwanza, na ile daftari ya jikoni umpe asome mwenyewe kwa nafasi yake. Akizidi mwezi hali ni ileile, jeshi lina washauri, aende.

Sasa mkubwa wako, nimemwacha mwisho manake ndo aliyenikaa moyoni. Kukojoa kitandani akiwa na miaka sita baba akiwa mbali ni kawaida kabisa, si ukaidi na si jini, usimchape na usimwaibishe mbele ya mdogo. Badilisha shuka, mwambie hakuna neno, lala. Mwambie mwalimu wake kwamba baba yuko safari ya kazi ili wasimshangae akiwa mkimya darasani. Mwombe babake amrekodie hadithi, za Sungura, za Abunuwasi, yoyote, aanze na "Paukwa!" halafu anyamaze kidogo, mtoto ajibu "Pakawa!" yeye kitandani, ndo aendelee. Ifanyeni ya kila usiku, ileile hata mara hamsini, watoto hawachoki.

Kila Ijumaa nenda naye ufukweni aokote simbi, yale maganda ya baharini, moja tu aiweke kwenye chupa. Lakini usimhesabie zilizobaki, mhesabie zilizopita. Tarehe za jeshi husogea, KDF iliingia Somalia Oktoba 2011 wengi wetu tukidhani ni jambo la miezi, misheni yenyewe imeitwa AMISOM, ikawa ATMIS Aprili 2022, ikawa AUSSOM Januari 2025, na watu bado wanakwenda. Ukimwambia mtoto zimebaki simbi ishirini na baba asitokee siku ya ishirini, umevunja kitu ambacho simbi zingine hazitakirudisha. Ukihesabu zilizopita, chupa inajaa tu, na siku babake akifika atammwagia zote mkekani.

Na lile swali, akiuliza tena, usimwambie "nyamaza usiseme hivo" na usiape kwamba hatokufa, hilo huna mamlaka nalo na yeye atalikumbuka. Kaa chini mlingane macho. Mwambie: "Baba hajafa. Alinipigia simu Jumanne, akauliza jino lako limetoka ama bado. Kazi yake ina hatari lakini hayuko peke yake, ana wenzake wanaomwangalia na yeye anawaangalia. Jambo lolote likitokea mimi ndo nitakwambia, sitakuficha." Halafu mpe simu arekodi jibu la jino, amtumie babake sasa hivi, hata kama ni mteja.